Kupanda Lushoto kwa Pikipiki, Kikundi Kizima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila safari ya Usambara inapotangazwa, simu huanza kuita na maswali huwa yaleyale. Tumeyakusanya hapa: ya mgeni kabisa yametangulia, ya aliyekwisha kupanda yanafuata. Mengi yanahusu barabara ya Mombo hadi Lushoto, ila utaratibu wa msafara ni uleule popote penye mlima na kona.

## Ya kuanzia

Safari yenyewe ikoje?

Wengi hutoka Dar es Salaam alfajiri, wakapitia Chalinze, au Bagamoyo na Msata kwa wanaokwepa malori ya barabara ya Morogoro. Kisha ni Segera, Korogwe na Mombo. Hadi hapo ni barabara kuu, na ukishapita Korogwe mashamba ya mkonge yanakusindikiza huku milima ikikaa mkono wa kulia.

Mombo unaiacha barabara ya Moshi, unakunja kulia, na mchezo unabadilika. Kilomita 33 hivi zinazobaki ni lami nyembamba iliyobanwa kati ya mwamba na korongo, kona juu ya kona. Katikati unakutana na Soni, ambako maporomoko ya maji unayaona ukiwa barabarani, kisha unaingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400. Unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu ndani ya kilomita hizo 33.

Ni umbali gani, na tutafika saa ngapi?

Dar hadi Lushoto ni kilomita 350 na ushei. Hesabu saa nane hadi tisa kwa kikundi. Usipige hesabu kwa mwendo wa pikipiki yako peke yako, maana kituo cha dakika tano cha kikundi huwa cha dakika ishirini: mmoja anatafuta choo, mwingine chaji, wa tatu amekutana na shemeji yake.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Sharti moja halina mjadala: asiyekuwa ameanza kupanda kutoka Mombo ifikapo saa kumi jioni analala Mombo au Korogwe, anapanda kesho yake. Sababu yake iko kwenye swali la usiku, hapo chini.

Naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Kutoka Tanga, Korogwe au Same, ndiyo. Kutoka Dar, hapana. Saa kumi na sita juu ya kiti, na kona ngumu zikiwa katikati ya siku, ni njia ya kutafuta ajali. Lala usiku mmoja, na ukiweza miwili.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Septemba, na pia Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei tunayakwepa kabisa: udongo hushuka kutoka juu, mawe huanguka barabarani, na zipo nyakati njia hufungwa mpaka katapila lije kusafisha. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni bahati nasibu, na anayekwenda wakati huo awe tayari kugeuza.

Juni na Julai zina kasoro moja, baridi. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa mwendo unaongeza ukali. Mtu wa Dar aliyetokwa jasho Mombo anaanza kutetemeka Soni, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki vizuri.

## Pikipiki na mwendeshaji

Nina Boxer ya cc 150. Itapanda, au mpaka niwe na pikipiki kubwa?

Itapanda. Bodaboda wa Lushoto wanapanda na kushuka nazo kila siku, tena na gunia la kabichi nyuma. Hewa huwa nyepesi kadiri unavyokwenda juu, na injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Utaisikia pikipiki imechoka kidogo ukikaribia Lushoto. Hiyo si hitilafu, usiruhusu fundi wa njiani aanze kufungua kabureta. Rudi gia moja chini, endelea.

Ugumu wa pikipiki ndogo hauko mlimani, uko barabara kuu. Kati ya Chalinze na Segera mabasi yanakuja nyuma yako kwa kasi ambayo cc 150 haiifikii. Ndiyo maana pikipiki ndogo na kubwa tunazitenganisha makundi mawili tangu Dar, zinakutana Mombo. Mwenye cc 1,200 akilazimishwa kutembea 70 kutwa atakasirika na ataanza vituko. Mwenye Boxer akilazimishwa kukimbia 110 ataharibu injini au ataumia.

Nimejifunza juzijuzi. Nije?

Bado. Foleni ya Mbagala inakufundisha kupenya, haikufundishi kona. Fanya kwanza safari ndogo za Bagamoyo au Kisarawe, pata mtu mzoefu akufuate nyuma akutazame unavyoingia kona na unavyofunga breki. Tukikukatalia safari hii hatujakudharau.

Nahitaji leseni gani?

Leseni yenye daraja la pikipiki: A1 kwa isiyozidi cc 125, A kwa zinazozidi hapo, Boxer 150 ikiwamo. Leseni ya gari ndogo peke yake haikuruhusu kuendesha pikipiki, ingawa kila safari anatokea anayebisha. Beba na kadi ya pikipiki au nakala yake, na bima iliyo hai. Pikipiki ikiwa si yako, chukua barua fupi ya mwenyewe.

Nivae nini?

Kofia ngumu inayofunika uso mzima na yenye kioo kisichokwaruzwa. Zile za nusu, za kuvaa kwa ajili ya trafiki tu, hatuzipokei. Jaketi zito, glavu, suruali ngumu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Koti la mvua likae juu ya mzigo, si chini. Na sweta, hata kama Dar unaona kichekesho kulifunga.

Nikague nini kabla ya kuondoka?

Cheni na sproketi, tairi, breki, taa zote, nyaya za klachi na mafuta ya injini. Peleka kwa fundi wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili kilichofungwa vibaya kijulikane ukiwa bado mjini.

Tairi lililolika katikati likawa bapa, kama yalivyo mengi ya pikipiki zinazotembea mjini tu, litakusumbua kwenye kila kona kwa sababu linalala kwa kushtukia. Breki nazo, hasa za shuu, zikaguliwe na kubadilishwa kama zimekaribia mwisho. Utaona kwa nini kwenye swali la kushuka.

Mafuta ya kutosha ni kiasi gani?

Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko juu, weka kilomita 800. Boxer inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakula kama lita 20. Pikipiki kubwa ya kilomita 20 kwa lita itakula 40. Kila mtu ajaze tangi Dar, kisha Korogwe au Mombo kabla ya kupanda. Sheli za Lushoto zipo, lakini usizitegemee ukiwa na tone la mwisho.

## Utaratibu wa msafara

Tunakwenda wangapi?

Kundi moja lisizidi pikipiki saba. Mkiwa ishirini, gawaneni makundi matatu yanayopishana dakika kumi kumi, kila moja na kiongozi wake. Pikipiki ishirini kwa mkupuo mmoja haziwezi kupitwa na basi, haziwezi kuegeshwa penye korongo, na zikisimama Soni zimeziba senta nzima.

Nani anakaa mbele na nani nyuma?

Mbele anakaa anayeijua njia. Wa pili ni yule mwenye uzoefu mdogo kuliko wote, kwa sababu wa mbele anaweza kumwona kwenye kioo na kupunguza kwa ajili yake. Wa mwisho ni mzoefu, mwenye subira, aliyebeba vifaa vya pancha na sanduku la huduma ya kwanza. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko kiongozi. Hampiti mtu yeyote wa kundi lake, hata akitembea 20, na akisimama mmoja naye anasimama.

Kosa la vikundi vingi ni kumweka mgeni nyuma "asitucheleweshe". Mgeni wa nyuma huona taa za wenzake zikipotea kwenye kona, anaanza kukimbiza. Anakimbiza kwenye barabara asiyoijua, kwa kasi isiyo yake.

Je, lazima tuonane muda wote?

Barabara kuu, vizuri mkionana. Mlimani, hapana, na tungependa hili lieleweke kuliko jingine lolote kwenye ukurasa huu.

Kati ya Mombo na Lushoto kila mtu anapanda mlima wake. Msafara si treni. Mwendo wako unaamuliwa na kona iliyo mbele yako, si na taa ya nyuma ya mwenzako, kwa sababu mwenzako keshaiona kona ile na wewe bado. Ukimtazama yeye, unafunga breki anapofunga yeye, na kwake ni kabla ya kona lakini kwako ni katikati yake. Hivyo ndivyo watu wawili huanguka mahali pamoja, wa pili akimfuata wa kwanza.

Kwa hiyo acha pengo lifunguke. Pengo la dakika tano halina hasara yoyote: hakuna atakayeachwa, kwa kuwa tunasubiriana mahali palipotajwa asubuhi, na utaratibu wa njia panda unaoelezwa hapa chini unamlinda aliye nyuma. Kiongozi naye asijione ameshinda kwa kufika peke yake. Akifika Soni akasubiri robo saa, amekwenda mbio mno.

Njia panda mnafanyaje ili mtu asipotee?

Kiongozi akifika mahali pa kukunja, aliye wa pili anasimama hapo, pembeni, anapoonekana, akiwa ameelekeza pikipiki upande wa kwenda. Haondoki mpaka amwone wa mwisho. Kisha anaingia mbele ya wa mwisho, na safari inaendelea na wa pili mpya. Hakuna haja ya simu wala ramani. Ukifika njia panda ukakuta hakuna aliyesimama, maana yake ni moja: nyoosha.

Ila kama wa pili ni yule mgeni, anayesimama ni wa tatu. Mgeni tunamwacha palepale nyuma ya kiongozi.

Tuachiane nafasi kiasi gani?

Ukiwa 60 kwa saa unakwenda mita 17 hivi kila sekunde. Acha sekunde mbili kwenye lami kavu: mwenzako apite mti, wewe uhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" kabla hujaufikia. Mvua ikinyesha fanya nne. Kwenye vumbi, acha mpaka uione barabara.

Barabara kuu iliyonyooka tunakaa zigizaga, mmoja upande wa kulia wa njia yetu, anayefuata upande wa kushoto. Kwenye kona zigizaga inakufa, ni mstari mmoja, na kila mtu anahitaji upana wote wa njia yake.

Ishara gani tunatumia?

Chache. Mguu ukitolewa nje: kuna shimo au kokoto upande huo. Mkono wa kushoto ukipepea chini: punguza. Kidole kikielekeza tangi: nahitaji mafuta. Honi ndefu kutoka nyuma: simameni penye usalama. Orodha ndefu za ishara hupendeza kwenye karatasi tu, huku mlimani mikono miwili ina kazi.

Nikitaka kumpita mwenzangu?

Barabara kuu, ukishaona amekuona na amekupisha. Mlimani usimpite. Ukiona anakuchosha, simama piga picha, mwache aende.

Kupita lori ni uamuzi wa kila mtu. Wa mbele asipunge mkono kuwaita wa nyuma, hata kwa nia njema, maana njia iliyokuwa wazi kwake inaweza kuwa imejaa sekunde tano baadaye. Kila mmoja aangalie mwenyewe, apite mwenyewe.

## Mlimani penyewe

Kona ziingiwe vipi?

Punguza mwendo na gia kabla ya kona, pikipiki ikiwa wima. Ndani ya kona unashikilia mafuta kidogo tu na kutazama unakotaka kutokea. Macho yakienda kwenye korongo, pikipiki nayo inakwenda huko.

Kwa kuwa tunapita kushoto, kona za kulia na za kushoto zina hatari tofauti. Kona ya kulia inakupa nafasi ya kuona mbele, na hapo ndipo mtu anapojisahau akaikata, kichwa na bega vikavuka mstari wa kati ingawa tairi liko upande wake. Basi linaloshuka halitazami tairi. Kona ya kushoto imefichwa na mwamba: huoni mwisho wake, na ukiingia kwa kasi inakutupa nje, upande wa anayekuja. Ingia taratibu kuliko unavyodhani inahitajika, na ukae katikati ya njia yako, mbali na mchanga unaokusanyika ukingoni.

Kushuka ni rahisi kuliko kupanda?

Ni kugumu zaidi, na walio wengi huanguka siku ya kurudi. Ukishuka kwa breki tu, zinachemka. Breki za shuu zikipata moto hupoteza nguvu taratibu, unabonyeza na pikipiki inaendelea. Za diski nazo, mafuta yake yakizeeka, hutokota, na mkono wa breki unalainika hadi kugusa mpini.

Dawa yake ni gia. Shuka kwa gia ambayo ungepandia, acha injini ikuzuie, tumia breki zote mbili kwa kubonyeza na kuachia, zipate kupoa. Ukinusa harufu ya kuungua, simama.

Utaona vijana wa huko wakizima injini au kuweka fri, yaani bila gia, ili kuokoa petroli, wakiteleza kimya hadi Mombo. Wao wanaijua kila kona kwa jina. Wewe usiige, kwa sababu umetupa breki yako bora kuliko zote.

Nikikutana na basi au lori la mboga kwenye kona kali?

Mpe barabara. Gari refu haliwezi kukunja kona ile bila kuchukua upande wako, na dereva wake hafanyi ubabe, anafanya hesabu. Piga honi kabla ya kona iliyojificha, sikiliza kama kuna inayojibu. Ukilikuta, simama kushoto kabisa, mguu chini, subiri lipite lote. Kwa desturi anayepanda hupewa nafasi na anayeshuka, lakini mwenye pikipiki asidai haki hiyo mbele ya tani kumi za viazi.

Ukungu ukishuka?

Taa ya chini, si ful, maana ful inakurudishia mwanga machoni. Kioo cha kofia kifungue kidogo kisipate mvuke. Usisimame barabarani hata kidogo. Kama huoni, toka nje ya lami kabisa ndipo usimame. Mara nyingi ukungu wa asubuhi huondoka ifikapo saa nne, kwa hiyo siku ya kushuka hatuna haraka ya kuondoka Lushoto.

Kwa nini mnakataza usiku?

Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo barabara ni ya watu wanaorudi shambani bila tochi, mbuzi waliolala kwenye lami yenye joto, na malori yaliyoharibika yakiwa na matawi ya miti tu nyuma yake kama onyo. Taa ya pikipiki nayo inamulika mbele moja kwa moja wakati kona inakwenda pembeni. Jibu limeisha hapo.

## Watu wa njiani

Trafiki wakitusimamisha?

Anasimama aliyesimamishwa na wa mwisho wa kundi. Wengine waende mbele mpaka penye nafasi, wazime injini. Vua kofia, salimia, toa karatasi. Msimzunguke askari watu saba mkiongea kwa pamoja.

Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, tembea 50. Tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo barabara ya Segera hadi Mombo, na tochi haijali kwamba mko kwenye msafara: kila mmoja ana faini yake, na hakuna mfuko wa kikundi wa kuilipa.

Kuna miiko yoyote vijijini?

Zima kelele. Ekzosi iliyotobolewa isikike kwako, si Soni penye watu au nje ya msikiti Ijumaa mchana. Watoto wakitoka shule hutembea barabarani kwa sababu hakuna pengine pa kutembea, basi ni mwendo wa miguu mpaka wapite. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe. Na nunua kitu: plamu, peasi, maparachichi, karoti, chochote cha msimu.

Tusimame wapi kupiga picha?

Soni penye maporomoko, pakiwa na nafasi ya kuegesha. Irente, kilomita tano hivi kutoka Lushoto mjini, ambako jabali linakatika ghafla na unaitazama Mazinde na nyika yake kutoka juu; hakuna ukingo wa kukuzuia kila mahali, kwa hiyo rukaruka za video zisubiri. Shamba la Irente liko njiani, lina jibini na mkate. Magamba kuna msitu wa hifadhi wenye kiingilio chake. Katikati ya kona hatusimami, hata mandhari yakiita.

Pombe?

Usiku, pikipiki zikishafungwa, ni juu yako. Asubuhi anayenuka hapandi, na kundi zima halimsubiri. Kwa ndugu zetu wa Kenya waliozoea miraa: Tanzania mirungi imo kwenye sheria ya dawa za kulevya. Usiivushe mpaka.

## Mambo yakiharibika

Nikipata pancha?

Wa mwisho anasimama nawe, kundi linasubiri kituo kinachofuata. Beba tyubu ya akiba ya saizi yako, kwa sababu za pikipiki kubwa huzipati Mombo. Kwa Boxer na ndugu zake, fundi hakosekani hata kwenye kijiji kidogo.

Mtu akianguka tufanye nini?

Kwanza zuieni barabara: mmoja akimbie juu, mwingine chini, kabla ya kona, wapunge kitu cha rangi. Ajali ya pili inaweza kuua. Kisha mwangalie majeruhi. Kama anapumua na anaongea, msimvue kofia na msimwinue kumkalisha. Shikeni kichwa kisigeuke, mfunikeni. Kofia inavuliwa tu pale asipopumua, na watu wawili, mmoja akishika shingo. Damu inayotoka kwa nguvu ibanwe kwa kitambaa na kiganja, bila kuachia.

Asibebwe mshikaki kwenye bodaboda. Tafuteni gari anapoweza kulala. Lushoto kuna hospitali ya wilaya, na ukiwa karibu na chini kuna Magunga, Korogwe. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Hospitali zitauliza PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Mmoja wenu aende kituoni kuishughulikia huku wengine wakiwa na mgonjwa, matibabu ya dharura yasisubiri karatasi.

Nani analipa?

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Haikulipi wewe wala pikipiki yako. Anayetaka kulindwa akate bima kubwa, na awe na bima ya afya. Kikundi huchanga kwa moyo mtu akiumia, lakini mchango si bima, na tunalisema hili kabla ya safari ili lisije kusemwa kitandani.

## Maswali ya pembeni

Mke wangu anaweza kupanda nyuma?

Anaweza, kama mmeshasafiri pamoja hivyo kabla. Abiria anabadilisha breki, kona na hata taa, ambayo huinuka juu. Mwambie alale na pikipiki kwenye kona, asijinyooshe upande wa pili kwa woga. Vifaa vyake ni vilevile kama vyako, kofia nzima na jaketi. Kama anaendesha mwenyewe, masharti yake ni yale ya kila mtu.

Tunatoka Kenya. Tupite wapi, tubebe nini?

Kutoka Mombasa, Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, Muheza, Segera. Kutoka Nairobi, Namanga kupitia Arusha na Moshi, au Taveta na Holili, halafu mnashuka kupitia Same hadi Mombo, na hapo mnakunja kushoto. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi Tanzania, chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Pikipiki inahitaji kibali cha muda cha forodha na bima inayovuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Fanyeni haya siku za kazi.

Nikitaka kuondoka kwenye kundi njiani?

Ruhusa, kwa sharti umwambie wa mwisho uso kwa uso. Tumewahi kumtafuta mtu nusu siku, kumbe yuko Korogwe kwa mama mkwe anakula.

Tunaweza kwenda mpaka Mtae?

Mtae ni kilomita 60 hivi mbele ya Lushoto, na ukifika unaitazama nyika ya Mkomazi kutoka juu. Lakini usiichukulie kama mwendelezo wa lami ya Mombo. Sehemu kubwa ni udongo mwekundu, makorongo na mawe, na mvua ya saa moja inaugeuza kuwa sabuni. Twende kiangazi, pikipiki zenye tairi za vishikio, kundi la watu wanne au watano, siku nzima ikitengwa kwa hilo. Wenye pikipiki za barabarani wabaki Irente. Na hifadhi ya Mkomazi iangalieni kutoka hukohuko juu, pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa.

Nikishaizoea Lushoto, niende wapi?

Mbeya hadi Chunya: lami, baridi kali, barabara inayopita zaidi ya mita 2,000 na bonde lote liko chini yako. Kwa wa Kenya, Iten kushuka Tambach hadi bonde la Kerio, kisha kupanda tena Kabarnet. Iten iko mita 2,400 na chini ni joto la kuvua jaketi.

Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, ina sifa kubwa, nasi hatuipeleki misafara ya wageni. Kona zake ni nzuri, lakini ni njia ya malori ya Zambia, yakipanda kwa mwendo wa mtu na kushuka yakinuka breki, na kabla hujafika barabara kuu, ambayo pikipiki inaruhusiwa, inakatiza hifadhi ya Mikumi ambako twiga na nyati wanakatiza barabara. Ukienda, nenda watu watatu wazoefu, uifikie Kitonga asubuhi, na ulale Morogoro au Mikumi usiku wa kuamkia siku hiyo.